Homa Nisiyokuwa Nayo

Nakumbuka asubuhi moja niliyojifunika shuka mbili kwa homa nisiyokuwa nayo. Lilikuwa jua la kuanikia karafuu, mwanangu, nami nimejikunyata kitandani natoka jasho, nikijisemea kwamba jasho nalo ni dalili. Miaka imepita mingi, nywele zimenitoka na meno yakazifuata, lakini homa ile ya uongo ndiyo maradhi pekee ambayo mpaka leo hayajanipoa.

Nakuhadithia kwa sababu jana ulinijia na wenzako wawili, mkanisalimia kwa adabu zote, mkaniomba baraza langu. Mlitaka kulipaka rangi za chama na kupandisha bendera, liwe maskani yenu mpaka uchaguzi upite. Na wewe ukaongeza, taratibu kama mtu anayetaja bei ya muhogo, kwamba safari hii wale wa chama cha pili wakitaka vita watavipata. Nikasema nipeni siku moja nifikiri. Mwenzako akacheka pembeni, akasema mzee huyu hata kwenda dukani hufikiri siku mbili. Sikuchukia, maana ni kweli. Mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu ni sokoni Konde na kurudi, na gari ikichelewa kunirudisha huanza kujiona niko ugenini. Lakini lililonifunga mdomo jana si uvivu. Baraza hilo lilishaombwa mara mbili kabla yenu. Mara ya kwanza nililitoa mbio. Ya pili ndiyo iliyonifanya niwe huyu unayemwona.

Wakati ule vyama vingi ndiyo kwanza vimerudi. Nchi yenyewe ilikuwa na umri wa mtu ambaye mama yake bado humwita aje ale, na tayari ilikuwa na watu wa kuisukuma mgongoni ikapigane. Mimi nimemaliza skuli ya sekondari, nimerudi kijijini na cheti na mwandiko mzuri. Cheti hakikunipa kazi. Mwandiko ndio ulioniponza. Watu wa kuandika barua ikasomeka walikuwa wachache, basi wenzangu wa chama wakanifanya katibu. Mtu ambaye juzi tu alikuwa akitumwa kuni, leo anaitwa mheshimiwa, na kahawa anamiminiwa wa kwanza! Nilivikwa kilemba cha ukoka nami nikatembea nacho, shingo imesimama, nisije nikakiangusha.

Siku moja akaja mkubwa mmoja wa chama kutoka mjini, na gari yake na miwani yake myeusi. Wenzangu wakaniomba baraza akae. Nikatandika mkeka mpya. Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji tukaugua. Alikunywa madafu yetu mawili, akasema nchi haikombolewi kwa kubembelezana, na damu ikibidi imwagike, imwagike. Akasema wale wa chama cha pili si wenzetu tena. Tusiwauzie wala tusinunue kwao, harusi zao tusiingie, na wakifiwa wazikane wenyewe. Kisha akatazama huku na huku akauliza, nani hapa anajua kuandika.

Nikaandika. Kwa mistari iliyonyooka nikaandika nyumba sita za kijiji chetu, moja baada ya moja, na nyumba ya tatu ilikuwa ya Shaame, mwana wa Bi Riziki. Nikasoma kwa sauti, watu wakapiga makofi. Mgeni akapanda gari yake akaenda zake mjini Chake kula chakula cha mchana. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na kunguru wetu alivaa miwani.

Sasa nikwambie Bi Riziki alikuwa nani. Alizaliwa Makoongwe, kisiwa kile kidogo cha karibu na Mkoani, akaolewa kwetu huku kaskazini. Mama aliponizaa alishikwa na homa, ya kweli hiyo, maziwa yakamkauka. Bi Riziki alikuwa na Shaame kifuani, akanipa mimi titi la pili. Miezi minane tulinyonya pamoja. Kwa hiyo yule ni mama yangu kwa sheria ya Mwenyezi Mungu, na Shaame ni ndugu yangu. Lau angekuwa na dada, nisingeweza kumuoa. Mpaka nimeota ndevu Bi Riziki alikuwa akinitania mbele za watu: "Huyu alikuwa mroho. Akimaliza lake, humtolea macho mwenzake." Nami nikaiandika nyumba yake kwa mwandiko ule ule mzuri.

Haikupita miezi mitatu akafariki, alfajiri, ghafla. Shaame alipeleka habari Makoongwe, lakini kutoka kule kusini mpaka kwetu si hatua mbili, na maiti haingoji. Wanaume wa nyumba zile sita wengi walikuwa Wesha, bandarini, wakifanya kibarua cha kupakua mizigo, kwa kuwa sisi tulikwisha kuwakatia riziki kijijini. Akabaki Shaame, na mkwe wake, na mzee mmoja kiziwi. Kaburi walilichimba wenyewe. Na jeneza, mwanangu, lina mikono minne.

Unajua jeneza linavyokwenda kwetu. Halibebwi, huelea. Kila mwanamume anataka thawabu yake. Huingiza bega hatua tatu nne, mwengine akampokea, hata ukitazama kwa mbali huwaoni wachukuzi, unaona jeneza linapita juu ya kofia kama jani juu ya maji. Na haliwekwi chini mpaka kaburini. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua.

Baba yangu, Mzee Faki, alikuwa mwanachama wa chama chetu kabla mimi sijajua kufunga kikoi. Asubuhi ile alitoka kwake, nyumba ya jirani na yangu, amevaa kanzu, akaja kusimama mlangoni mwa chumba changu.

"Ondoka, tukamzike mama yako."

Nikamwambia nina homa. Akazitazama shuka zangu mbili, akalitazama na jua dirishani. "Homa ya chama hiyo," akasema. "Dawa yake sina." Akatoka.

Nikalala nikisikiliza. Njia ya makaburini inapita mbele ya nyumba yangu, hii hii unayopita ukienda dukani. Baada ya muda nikaisikia *la ilaha illallah*, na nilivyozoea sauti ya mazishi kuwa kama mvumo wa nyuki, nikadhani wako mbali bado. Hawakuwa mbali. Walikuwa wanne tu. Kila sauti niliitambua, ya mzee kiziwi ikichelewa neno moja nyuma ya wenziwe. Nikachungulia kwenye ufa wa dirisha. Baba yuko mbele kulia, amepinda kama kuti bichi. Na milangoni, kulia na kushoto, watu wetu wamesimama wanatazama. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyetoa mguu. Walikuwa wakiutii mwandiko wangu.

Mbele ya nyumba yangu wakasimama. Nikasikia hodi.

"Mwanangu, naliomba baraza lako kidogo. Bega limenishinda."

Sikujibu. Baba akangoja, halafu akasema polepole, "Anyamazaye amekubali," na wakalitua.

Kitanda changu kilikuwa kimegusana na ukuta ule ule wa baraza. Baina yangu na Bi Riziki palikuwa na udongo na mawe, upana wa shibiri moja. Nilisikia mbao zikigusa sakafu. Nilisikia watu wanne wakihema. Kisha Shaame akasema, wala hakuwa akisema nami, "Pumzika mama. Uko kwa mwanao."

Wallahi niliteremsha mguu. Uligusa chini, nikauhisi ubaridi wa sakafu. Halafu nikawakumbuka wale walio milangoni, watasema nini wakimwona katibu wao anatoka, nami nikaurudisha mguu kitandani. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua tano. Nilizipima baadaye, zaidi ya mara moja. Nimeshakwambia mimi si mtu wa safari. Basi hiyo ndiyo fupi kuliko zote zilizonishinda.

Wakalinyanyua wakaenda.

Baada ya sala ya alasiri baba akaja akakaa pale pale barazani, bega limevimba chini ya kanzu. Nikatoka nikakaa mbali kidogo naye. Akaniuliza kama homa imepoa, nikasema imepoa. Akajikanda bega, kisha akaniambia:

"Yule alikupokea hujui hata kuisimamisha shingo yako. Leo alitaka bega moja tu. Sikulaumu kwa chama, hata mie kadi ninayo. Nakuuliza jambo moja. Ikiwa umeweza kumwacha mama yako njiani, kesho mgeni wako akikwambia kampige Shaame, utamwambia nini?"

Jibu likaja lenyewe. Uchaguzi ulifika, ukaacha kelele na hasira, na mchana mmoja vijana wa kwetu wakatoka na vibiriti na madumu. Hawakuuliza nani anakaa wapi. Mmoja wao alikuwa na karatasi mkononi, nami nikaijua kwa mbali. Mwandiko mzuri husomeka hata na mwenye hasira. Safari hiyo nilikimbia, mwanangu, mimi nisiyekimbia hata mvua, lakini nilipofika nyumba ya tatu makuti yalikwisha kuwa majivu. Shaame amekaa chini uwanjani, damu inamtoka sikioni, mkewe amekumbatia watoto. Nikataka kumshika mkono. Aliuondoa bila ugomvi, kama unavyomwondolea mkono mtu usiyemjua aliyekosea njia.

Wiki ile ile walivuka bahari kwenda ng'ambo, na Shaame hakurudi. Alikufa huko. Mtu aliyekuwapo aliniambia jeneza lake lilipokezanwa na watu wengi mno, watu ambao hawakujua hata jina la baba yake.

Sasa nasaha yangu ni hii, na sitaipamba. Vita havianzi kwa bunduki. Bunduki huja mwisho, watu wakiwa tayari. Vinaanza siku unapoacha kununua chumvi kwa jirani kwa sababu ya bendera yake. Vinaendelea siku anapofiwa nawe ukajipa homa. Ukishaweza hilo, lililobaki ni jepesi, na wa kukusukuma hakosekani. Yeye ana gari ya kuondokea, wewe huna. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, basi usikubali kuwa kinga, gogo la kuwashia moto wa mwengine. Chama penda, kura piga, bishana mpaka koo likauke. Lakini ukiona mtu anaandika majina ya nyumba, kwa kalamu au kwa hiyo simu yako, jua kwamba mwenye kiberiti yuko nyuma yake. Na ukijiona wewe ndiye unayeandika, tena kwa mwandiko mzuri, ogopa zaidi.

Watu husema sitoki nyumbani kwa uvivu. Uvivu ninao, sikatai. Lakini tangu siku ile sijapenda kuwa mbali na njia hii, isije ikapita maiti nisiwepo. Mumeniona mkanicheka, mzee na magongo yake anavyojitosa kwenye kila jeneza, hatua mbili, akihema. Sijawahi kuuliza wa chama gani. Nadaiwa bega moja, mwanangu, na mwenyewe hayupo wa kulipokea.

Basi baraza siwapi. Njooni mcheze bao, njooni mnywe kahawa, leteni harusi mkitaka, na mkifiwa mkachoka njiani mlitue jeneza hapo bila hodi, liwe la mtu yeyote. Bendera hapana. Pale alipumzika mama yangu.

Mwenyezi Mungu akujaalie miguu isiyorudi kitandani, na mkono usiotoa neno utakaloogopa kulisoma. Akuzungushie majirani watakaogombania kukubeba, na akuepushe na kulala chini ya shuka mbili siku ya jua. Amin. Haya, nenda kawaambie wenzako. Na yule aliyenicheka mwambie nimefikiri siku moja tu.