Siku Nilipopigwa Mwereka na Mwanangu

Sikuingia karate kwa kupenda. Niliingia kwa sababu binti yangu alihitaji mtu mzima wa kumpiga, na wanaume wengine wote pale ukumbini hawakuwa maharimu wake, haijuzu kugusana naye. Wasichana wenzake ni wembamba, ukiwapulizia wanayumba, na mwalimu alisema hawezi kumtahini kwa mkanda mweusi bila mpinzani mwenye uzito. Uzito ninao. Nauza vitambaa Makadara, nashinda kitini mchana kutwa, na halwa sijawahi kuipa kisogo.

Basi nikawa napanda ngazi za ule ukumbi ulio juu ya ghala huku Mji wa Kale, mkanda mweupe kiunoni, tumbo limetangulia. Mle ndani umri si cheo. Cheo ni mkanda. Mtoto anayenibusu mkono kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni Buxton, jioni mimi ndiye niliyemwinamia kwanza. Nilikuwa namwinamia huku nacheka. Yeye hakucheka hata siku moja.

Kila tukitaka kupambana alininong'oneza, "Baba, niwia radhi." Kwetu mtoto hamwinulii mzazi mkono, hata kwa mzaha, naye hakuthubutu kunigusa kabla sijamruhusu. Nami humjibu, "N'shakuwia, mwanangu, piga." Akapiga kwelikweli. Nilirudi nyumbani mbavu zinaniuma na moyo umejaa fahari, nikaenda barazani kujigamba kwamba nimezaa simba. Nilijigamba pia, Mungu anisamehe, kwamba namhurumia tu, nikitaka namweka chini.

Wazee wenzangu wa barazani walilishika hilo. Siku ya mtihani wakaja kujionea, wakapanga viti ukutani na kahawa yao mkononi kama wamekuja harusini. Binti yangu akaniomba radhi kama kawaida, kwa sauti ya chini. Mimi nikamjibu kwa sauti kubwa, ili wausikie ukarimu wangu.

Mwalimu alipotoa ishara nilimwendea kwa pupa. Sikukumbuka hata moja katika niliyofundishwa. Nilikuwa nawafikiria wale wazee. Akanipisha, akanipiga ngwala, nikaanguka mwereka mzito, kifudifudi, na suruali ikateremka nusu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mmoja wa wazee akaniuliza, "Sasa hapa, mwenzangu, nani kamhurumia nani?"

Niliinuka kwa hasira. Mwanangu alikuwa amesimama mbele yangu, ngumi zake juu, anangoja niwe tayari, vile alivyofunzwa. Nikamwambia, na watu wote wakasikia, "Sina radhi nawe!"

Hilo ni neno ambalo mzazi hulizuia hata akiudhiwa vipi. Baba yangu nilimtia hasira mara ngapi, na hakuwahi kunitamkia. Mimi nililitoa kwa sababu ya suruali. Nilitaka kicheko kikome, na kikakoma.

Mikono yake ikashuka. Mwalimu akamwambia aendelee, naye akatikisa kichwa. Akaja, akapiga magoti, akaushika mkono wangu akaubusu mbele ya wale waliokuwa wakinicheka. "Niwia radhi, baba." Hapo ndipo ningemwinua nikasema kosa ni langu. Badala yake nikavuta suruali yangu nikasema, "Haya, nimekuwia," kama bwana mkubwa anayemsamehe mtumishi. Neno la kwanza nalisingizia hasira. Hili la pili sina cha kulisingizia, na ndilo linalonifanya nijifunike shuka gubigubi nikilikumbuka. Mtihani wake ukaishia hapo.

Nyumbani mke wangu alikuwa amekwishapata habari. Akaniwekea chakula, akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki," akaenda kula chumbani na mwanawe. Tangu siku hiyo barazani sipiti. Nazunguka kichochoro cha nyuma.

Mwalimu amemwahidi mtihani mwingine, nami nimerudi ukumbini. Lakini mwanangu hanipigi tena. Ngumi yake hunifikia kifuani ikanigusa tu, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto, na mwalimu ameshasema kwa ngumi hizo hapiti.

Juzi nilisimama mbele ya darasa zima, wadogo kwa wakubwa, nikasema, "Mwanangu, niliyekosa ni mimi. Nakuomba msamaha. Radhi zangu zote unazo. Sasa nipiga." Uso uliniwaka, lakini niliyasema yote.

"Nimekusamehe, baba," akasema, na nilimwona kwamba ni kweli. Akajipanga vizuri, akavuta pumzi, akarusha ngumi. Ikasimama mbele ya kifua changu. Akarudia, ikasimama vilevile. Akaitazama mikono yake kwa muda.

"Mimi nataka, baba," akaniambia. "Mikono ndiyo haitaki."

Nikabaki nimesimama pale, natamani anivunje mbavu.