Ubatizo wa Pan Cuiling

Tangu surua imchukue bintiye wa pekee, Pan Cuiling hakucheka tena. Alilima mpunga, akapika uji wa viazi vitamu, akamwandalia mumewe, kisha akakaa kizingitini kuukodolea macho ukuta. Majirani walimwita Uso wa Siki. Alijua, wala jina hilo halikumuuma.

Aliyemfikia ni mjane Lou, jirani yake. Alikuja kuazima chungu, akaishia kulia naye, halafu akaanza kumnong'oneza habari za Yesu. Miaka ile serikali ilikuwa imepiga marufuku dini; kanisa la bonde lilikuwa limegeuzwa ghala la mbolea, na mtu akikutwa anasali alifungwa. Cuiling alisikiliza tangu kupanda hadi kuvuna. Siku moja akasema, "Dada Lou, nami nataka kubatizwa."

Wakapanga asubuhi ya baridi, kijitoni, wanawake wakiosha mboga za kuchachisha. Mhubiri alikuwa mnoa visu aliyezunguka vijijini na jiwe lake. Alijifanya ameteremka kunywa maji. Cuiling akaingia na nguo zake zote, maji yakamkata pumzi. Mkono wa mhubiri ukamlaza, ukamwinua.

Alipopangusa macho, akamwona Xia Guangmin darajani na bunduki begani. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, na kamanda wa mgambo wa kijiji.

Mnoa visu alijitwika jiwe lake akapotelea kwenye mianzi, bila haraka. Hakuna mwanamke aliyethubutu kugeuza shingo.

"Shemeji! Unafanya nini humo na baridi yote hii?"

"Kateleza!" Lou akadakia. "Nimemwambia mawe haya—"

"Sijakuuliza wewe, bibi. Shemeji, umeteleza?"

Macho ya Guangmin yalikuwa yakimsihi aseme ndiyo. Cuiling aliyaona. Meno yalimgongana.

"Sikuteleza. Nimebatizwa."

"Nyamaza! Watu wanasikia!"

"Acha wasikie."

"Nani kakubatiza?"

"Hilo sikwambii, shemeji, hata ukinipiga risasi."

Guangmin aliteremka akamtoa majini. Mgambo walimhoji kutwa nzima kwenye ofisi ya kijiji, nguo zikimkaukia mwilini, na jina la mnoa visu halikumtoka. Mwishowe wakamvika ubao wa aibu shingoni, wakaamuru afagie vichochoro mpaka mwaka mpya.

Mumewe, Guangfu, aliona haya kupita barabarani. Asubuhi moja, akiwa amejibanza nyuma ya mlango, alimsikia bibi kizee mmoja wa kichochoro hicho akimchokoza mkewe.

"We Uso wa Siki! Huyo Yesu wako hana ufagio wa pili akusaidie?"

"Angekuwa nao, bibi, angeanzia mlangoni kwako. Kinyesi cha kuku kimefika magotini!"

Kisha Cuiling akacheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu hadi ubao ukaruka kifuani, na bibi kizee naye akashindwa kujizuia.

Guangfu alitoka nje bila viatu.

"Kijiji kizima kinakucheka, nawe unacheka?"

"Nisamehe, mume wangu. Binti yetu bado namlilia. Lakini chini ya kilio kuna furaha imekaa, nami sikuiweka mimi. Nikijaribu kununa, inanishinda."

Guangfu alitazama huku na huku. Watu walikuwa wameanza kuchungulia madirishani.

"Mimi mambo hayo siyaamini," akasema. "Lakini usiache kucheka."

Akauchukua ufagio mkononi mwa mkewe, akaanza kufagia.