Pale Sindano Iliporuka

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Mtu aliyekaa Malaba miaka ile akikwambia hakuogopa, muulize alikuwa akifunga mlango saa ngapi. Nilikuwa fundi cherehani karibu na kizuizi cha forodha, nikishona suruali za madereva wa malori huku sikio moja liko ng'ambo, Uganda, ambako askari wa jenerali aliyetawala huko walikuwa wakiwachukua watu majumbani mwao na hawawarudishi. Mpaka wenyewe hawakuuheshimu. Walivuka mchana kweupe wamevaa kiraia, wakamtia mtu ndani ya buti ya gari, na ukipita kwake kesho unakuta mlango uko wazi na kuku wameingia jikoni.

Katikati ya woga huo nilikuwa na gramafoni. Wahindi walipofukuzwa Uganda, mama mmoja alishuka kwenye lori mbele ya duka langu, akaona mizigo haitoshei, akaniachia gramafoni ya betri na santuri moja ya kwao, yenye nyuzi zinazolia mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Majirani walisema hayo ni mapepo. Nikaipenda kwa ubishi kwanza, halafu nikaipenda kweli.

Dereva mmoja wa lori, mtu wa Voi mwenye maneno mengi, alisikia akipita akasimama mlangoni. Safari iliyofuata akaleta santuri kutoka Zambia, ya vijana wanaoyapiga magitaa ya umeme mpaka yanaunguruma. Baadaye akaja karani wa ofisi ya kupitisha mizigo, mtu wa Marachi, mpiga kinanda wa kanisa lao, akaleta rumba ya Zaire na kutuambia tuvumilie hadi maneno yaishe, magitaa yabaki peke yake yakizunguka. Yote tukaiita muziki wa kizunguzungu. Tulikutana Jumapili mchana, na sharti lilikuwa moja: kila mtu alete anachokipenda, na santuri ikianza hakuna kusema neno mpaka iishe. Ukiichukia, meza chuki yako. Karani alizichukia sana zile za Zambia, mpaka siku nilipomkuta forodhani akizipiga mluzi huku anagonga mihuri. Nilimcheka wiki nzima.

Wa nne wetu alikuwa mwalimu. Alivuka kutoka upande wa Tororo akiwa na shati alilovaa tu, baada ya mwalimu mkuu wake kuchukuliwa na yeye kuonywa kwamba ndiye anayefuata. Mkewe alibaki akimuuguza mama yake, wakakubaliana kwamba mama akipata nafuu, mke atamfuata. Nilimpa nafasi nyuma ya duka, na mtaani nikamtambulisha kama binamu yangu wa Rukala aliyehamishwa na mafuriko. Hakuna aliyeshangaa, maana Rukala maji yakija watu huhama kweli, na Kisamia chake kilikaribiana na lugha yetu. Neno mwalimu tulilizika. Hata sisi wenyewe, milango ikiwa imefungwa, tulimwita Binamu.

Binamu hakuwa na santuri ya kuleta. Aliyokuwa nayo aliiacha kwao, katika sanduku la mkewe, na aliizungumzia kama mtu anavyozungumzia chakula akiwa na njaa. Ilikuwa ya vijana fulani wa Ulaya, magitaa yao mengine yamerekodiwa kinyumenyume. Kwa hiyo zamu yake ikifika alitupigia mluzi, vidole vikigonga meza yangu ya kukatia vitambaa. Mahali gitaa linapoanza kupanda, mluzi wake ulikatika, ukaruka, ukaangukia katikati ya kiitikio. Alituambia ni mkwaruzo. Siku waliyoinunua mkewe alicheza mpaka akaigonga meza, sindano ikachimba, na tangu hapo wimbo haukupita pale bila kuruka. Yeye alisema akiusikia mzima hataujua. Sisi nasi tukaujifunza hivyo hivyo. Nilikuwa nikikanyaga cherehani huku nauimba moyoni, na pale pale mguu wangu uliruka.

Jumapili moja mtu akaingia bila kubisha. Miwani myeusi, shati la maua, viatu vya soli nene. Nje niliona gari ambalo halikuwa la mtaani, na ndani yake wanaume wawili hawakuwa na haraka yoyote.

"Nyabo," aliniambia, kama Waganda wanavyomwita mama, "nasikia hapa iko muziki nzuri. Mimi pia napenda sana."

Nilimwambia karibu. Ningemwambia nini kingine? Alikuwa ameshika santuri kwapani, na alipoitoa nikaona mkono wa Binamu umesimama juu ya kikombe, haukiinui wala haukiachi. Mgeni aliiweka mwenyewe kwenye gramafoni, kwa adabu, akaketi ukutani akitutazama.

Sikuwa nimewahi kuisikia santuri ile, lakini kabla haijafika mbali niliijua. Nikajiambia duniani zipo nyingi za namna hiyo, labda mtu huyu kanunua yake Kampala. Nikamwomba Mungu wimbo upite mzima. Magitaa ya kinyumenyume yalikuwa mazuri kuliko mluzi wowote, na hilo lilinitia hasira, kwamba nimepata kuyasikia siku hiyo na kwa mkono huo. Gitaa likaanza kupanda. Sindano ikaruka.

Vichwa vyetu vinne viliruka nayo.

Hatukukusudia. Mtu akisikia mkwaruzo asioujua hushtuka, huitazama gramafoni. Hakuna kati yetu aliyeitazama. Dereva alikuwa akitikisa kichwa, karani akigonga goti, mimi na mguu wangu, Binamu na vidole vyake, na wote tukaangukia katikati ya kiitikio kwa pamoja. Mgeni naye hakuitazama gramafoni. Alikuwa akitutazama sisi, mmoja mmoja. Na kwa kuwa sharti ni sharti, tulikaa kimya mpaka santuri ikaisha.

"Hii wimbo mnajua," alisema.

"Si inapigwa kwa baa hapa kila siku, boss," dereva akajibu.

"Na huko kwa baa pia inaruka hapo?"

Dereva akacheka, Mungu ambariki kwa kile kicheko. "Boss, huku rekodi zote zimekwaruzwa. Ukipata moja nzima utuletee."

Mgeni alicheka pia. Akasimama, akasema anatuachia santuri tuifurahie, ataifuata Jumapili ijayo. Tulisikia gari likiondoka.

Ndipo Binamu akaitoa kwenye gramafoni, akaivika jalada lake, akalinusa. "Hii ni ya sanduku," alisema. "Iko na harufu ya ile sanduku. Mke wangu hawezi kuitoa mwenyewe." Akaendelea kulinusa. Karani alisema nyumba nyingi huibiwa tu.

"Kesho asubuhi lori yangu inaenda Nakuru," dereva alimwambia. "Unalala chini ya turubali. Hata usibebe kitu."

"Sawa," Binamu alisema.

Nilimkatia mkate, nikamshonea kifungo cha koti. Nilifurahi kwamba anaondoka, sitaki kujifanya. Nilimtaka mbali, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Asubuhi dereva alingoja, akapiga honi, akangoja tena. Binamu hakutokea. Mama anayeuza sukuma wiki njia ya mtoni ndiye aliyeniambia amemwona binamu yangu akiteremka, viatu mkononi, akauvuka mto kwenda ng'ambo. Alimkodolea macho, maana watu siku hizo walikuwa wakivuka kuja huku. Hakuna aliyekuwa akirudi.

Jumapili ilipofika karani na dereva walikuja mapema kuketi nami. Dereva alikuwa ameahirisha safari, jambo ambalo tajiri wake hakumsamehe. Tuliiweka santuri ile mezani na hakuna aliyeigusa. Mgeni aliingia kama mara ya kwanza, akaichukua, akaipangusa kwa mkono wa shati. Akakitazama kiti cha nne.

"Nyabo, mwalimu yenu iko wapi?"

Hakuna mtu Malaba nzima aliyewahi kumwita hivyo mbele yangu. Halafu, kwenye woga ule ule, kitu kikanipanda kifuani, nikakaribia kucheka: kama ananiuliza mimi, basi bado hawajampata.

"Hapa hakuna mwalimu," nilisema. "Kama ni binamu yangu, amerudi Rukala. Maji imeshuka."

Akaondoka na santuri yake. Hakurudi tena, lakini mimi nilihama. Nilifungua duka Busia, na kwa miaka mingi sikupiga santuri yoyote kwa sauti inayopita mlango.

Jenerali alipoangushwa, malori yakaanza tena kupita hadi Kampala. Siku moja yule dereva wa Voi, sasa mvi zimemwingia, alisimama mbele ya duka langu na hata salamu hakutoa. Alisema ametoka sokoni Tororo. Kulikuwa na mama anapanga nyanya, anaimba kwa pua, hana habari na mtu. Wimbo ule. Dereva alisimama akangoja mpaka gitaa lianze kupanda.

"Ikaruka," aliniambia. "Hapo hapo."

Nilimuuliza kama alimuuliza. Alisema ndiyo, alimuuliza taratibu kabisa ameutoa wapi wimbo huo, na kama mume wake ni mwalimu. Yule mama akamtazama viatu, kama anayetafuta soli nene, akaanza kurudisha nyanya kwenye kikapu, nzima na zilizopondeka pamoja, akaondoka bila kugeuka.

Dereva alitaka tumfuate kesho yake, tumweleze sisi ni nani. Nilikataa, maana kwake yeyote anayeuliza habari za mwalimu ni mtu wa miwani myeusi. Nilimwambia anikunjulie hicho kiti, akae, na nikafunga mlango.