Siku Niliyomsalimu Yaya Wilondja

Sisi tuliokulia Baraka, mji wa kando ya ziwa, wakati wa vita, Bonane, ile sikukuu ya mwaka mpya, tuliijua kwa harufu: mchele motoni, mawese yakichemka, kitambaa kipya ambacho hakijaonja maji. Mama alitushonea sote nguo kutoka kipande kimoja, tena pana kupita miili yetu, ili zitufae na mwaka ujao. Tukisimama pamoja tulifanana na pazia lililokatwakatwa. Hakuna aliyelalamika. Watoto wa leo wananuna siku nzima kwa sababu viatu havina taa.

Tulizunguka nyumba hadi nyumba tukisema “Bonane!” Huku tukipewa andazi, kule mkia wa samaki, na hakuna mkubwa aliyeacha salamu ya mtoto ianguke chini. Niliyempenda kuliko wote ni Wilondja, kijana jirani aliyetufundisha kuimba kanisani. Tulimwita yaya, kaka mkubwa, ingawa hatukuzaliwa naye. Mvua ikijaza kijito cha njia ya shule, alitubeba mgongoni mmoja mmoja, huku akituimbia.

Mwaka mmoja tulikuwa na mgeni, Mama Namahoro, mfugaji wa milimani aliyekuwa rafiki ya mama tangu ujana wao. Mume wake alipanda juu kuangalia ng'ombe, kisha vita ikafunga njia, naye Mama Namahoro akabaki kwetu. Kisimani watu walikuwa wameanza kuwasema vibaya watu wa milimani, eti ndio adui zetu. Mwanzoni ilikuwa mizaha, na wengine walicheka.

Baada ya ibada ya Bonane nilikuwa uani nikimngojea mama apike. Vijana wakaingia na mapanga, mmoja ana bunduki. Wa mbele alikuwa Wilondja, bado amevaa shati la kwaya. Nilimkimbilia.

“Bonane, yaya!”

Alinipita kama vile mimi ni kisiki. Nilibaki nimenyoosha mkono. Hadi leo sijui nilisimama vile kwa muda gani.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, anatwanga sombe, yale majani ya muhogo.

“Ule mwanamuke wa ku milima iko wapi?” Wilondja akauliza.

“Iko ndani, anachagua muchele,” mama akajibu.

Nilidhani mama ameingiwa na wazimu. Lakini hakuinuka pale mlangoni. “Leo ni Bonane, Wilondja. Ni mugeni wangu, na we pia ni mugeni. Kaa, ukule. Kama munaingia humu kwa kazi ingine, mutapita juu yangu.”

Mwenye bunduki alisogea. Wilondja akamshika bega, akaangalia chini. “Mama, tutarudia,” akasema, wakatoka.

Hapo ndipo mama alipoinuka, akamwita baba. Baba, ambaye alikuwa mvuvi, alimlaza Mama Namahoro ndani ya mtumbwi, akamfunika kwa nyavu mchana ule ule, akapiga kasia hadi kijiji cha Swima, ambako wavuvi rafiki zake walimvusha mgeni wetu ziwa. Alifika salama.

Vijana walirudi kabla jua halijazama. Hawakumkuta. Yule mwenye bunduki alimpiga mama kwa kitako cha bunduki, na mkono wa kulia wa mama haukunyooka tena. Wilondja alikuwepo. Alisimama kando, ametazama ziwa, kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

Hadi siku ile nilidhani ubaya huja na watu tusiowajua. Mama ndiye aliyenisahihisha. “Muntu habadilikake siku moja,” alikuwa akisema. “Inaanzaka na neno, na watu banacheka.” Kwa hiyo kila mwaka mpya watoto wangu wakiniuliza nimeazimia nini, nawajibu kwamba mzaha wa kumdharau mtu hautachekewa nyumbani kwangu. Wanaona ni azimio dogo. Wao wanaazimia kununua simu.

Vita ilipopoa Wilondja alirudi, akaanza kutengeneza pikipiki sokoni. Bonane ya kwanza alimwamkia mama njiani, sauti ile ile ya kwaya, na mama akamjibu. Nilishtuka kuliko siku ya mapanga. Nikamuuliza kama amemsamehe.

“Bado,” akasema. “Namujibu tu, asisahau kama naye ni muntu.”

Mama amekwisha kuzikwa. Bonane ya siku hizi ni muziki mkubwa na pikipiki zinazoshindana barabarani, na salamu vijana wanazituma kwa simu, moja kwa watu wote, bila kuona uso wa yeyote. Ni rahisi, nakubali, na pengine nawaonea wivu kidogo. Mimi bado napita sokoni kwa miguu. Wilondja ananiona, anafuta mafuta mikononi, ananiamkia. Kila mara naiangalia kwanza ile mikono. Halafu namjibu.