Nguzo Nane za Baba

Mwaka 1950 nilikuwa na miaka tisa, na taabu zetu zilianza hapo, maana baba alifariki kabla ya mvua. Shule niliishia darasa la pili. Nasema mapema ili mtu asinitafutie Kiswahili cha ofisini.

Enzi zetu pale Kichiwa, Njombe, nyumba ilikuwa ya mianzi na udongo, paa la nyasi likashuka chini hata mtu mzima aliinama kuingia. Asubuhi za baridi tulikaa barazani tukila viazi vya kuchoma, moshi ukitutoa machozi, bibi akitukaripia tusiegemee ukuta aliousiriba mama. Baraza letu lilikuwa na nguzo nane. Baba alizichonga mwenyewe, mistari imejisokota kama kamba, na vifundo katikati. Hakutuachia ng'ombe. Alituachia nguzo.

Baba mdogo alizionea aibu. Alikuwa amefanya kazi ya mkonge Tanga, akarudi na kofia, na kwake nyumba ni saruji na bati.

"Shemeji, hii ni nyumba ya washenzi," alimwambia mama.

"Ya washenzi, lakini haivuji."

Ndipo akaja fundi mmoja Mzungu wa shamba la miti ya miwati. Hakuwa Mwingereza, alitoka Romania, nchi ambayo hata mwalimu wetu hakuijua. Alitoa futi kamba, akapima nguzo moja moja na kuzichora daftarini. Kwa Kiswahili chake cha kuvunjika alimweleza mama kwamba kwao matajiri walikuwa wakijenga kama Wafaransa na kuzicheka nyumba za wakulima. Baadaye mafundi wao wenyewe wakarudi vijijini, wakatazama mabaraza na nguzo za kuchonga, wakayapeleka hayo mjini, kwenye shule na majumba ya serikali.

"Sasa mkulima akienda mjini, anaona baraza la babu yake," alisema. Mama alicheka, akamkaribisha viazi.

Lakini mnakumbuka miaka ile. Mzungu akipima, kinachofuata ni kuhamishwa. Habari zilimfikia baba mdogo kabla viazi havijapoa. Kesho yake, mama akiwa mtoni, alikuja na shoka. Alisema Mzungu hawezi kuchukua nyumba isiyokuwepo. Nilimshika mguu, nikamwambia yule anachora tu. Akaniuliza mtoto wa kike anajua nini habari za ramani. Nguzo saba zilikwenda. Ya nane alishaipiga shoka moja nilipoikumbatia, na nikaing'ang'ania mpaka mama akarudi.

Mama hakupiga kelele. Alisema, "Shemeji, kuni zako hizo. Zichomee kwako, nisione moshi wake."

Hakuna aliyetuhamisha. Mwaka uliofuata fundi yule alijenga nyumba ya wageni ya shamba, akamwita mama kusiriba. Nilimfuata nimebeba udongo mwekundu. Barazani zilisimama nguzo nane, kamba na vifundo, sawasawa na za baba. Mama alizigusa zote, kisha akajifunga kanga akaanza kazi. Baba mdogo naye alikuja kuangalia. Alizunguka mara mbili, akauliza ni fundi gani huyu aliyebuni nguzo hizi.

"Kaka yako," mama akasema.

Kusiriba nilijifunza pale, na sikuacha. Baadaye nikafyatua tofali, nikajengea watu. Vijana wa leo wanachagua nyumba kwenye simu, madirisha makubwa kama ya duka, katika baridi hii ya Njombe, halafu wanavaa koti sebuleni. Sisi moshi ulitutesa, lakini tulilala na joto. Ukiwauliza baraza hili umeliona wapi, wanakutajia nchi wasiyowahi kufika.

Leo nina nyumba tatu Makambako, zote za bati. Nina mashine ya kufyatulia tofali, ekari sita za miwati, ng'ombe wanne na kiwanja Ludewa. Kichiwa nina nyumba moja yenye nguzo nane. Saba nimechongesha. Moja ina alama ya shoka.