Mbegu Yenye Meno

Bukavu nilikuwa mwalimu wa biolojia. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nashona, na kwa kuwa nina mdomo wa kubishania bei, akina mama wa karakana yetu ya kanisa hunituma Lilongwe kununua vitambaa na uzi. Mwaka huu, mvua zilipokaribia, jirani yangu, mama mkulima wa kutoka Fizi, alinipa mzigo wa ziada: kitu cha mviringo, chepesi, kilichofungwa katika kipande cha kitenge.

"Mwalimu, ukifika Tsoka uliza bale benye kuuza mbegu. Hii iko mbegu ya nini? Nataka niipande."

Kilitoka kwa mwanawe. Kijana alifika Dar es Salaam, akapata kibarua, akamtumia mama yake kitu hicho kwa mkono wa msafiri, bila maelezo. Kwao mtoto aliyefika mbali hutuma mbegu, kuonyesha kwamba amepata pa kuishi. Baadaye habari ikaja kwamba amefia njiani akielekea kusini, na waliomzika hawakumjua. Mama aliitunza mbegu ili aipande Fizi. Sasa alikuwa amekata tamaa ya kurudi, akalima tuta nyuma ya nyumba.

Pale Tsoka, sokoni Lilongwe, muuza mbegu aliitikisa sikioni, ikalia kama mbegu kavu. Akasema haijui, akanirudishia. Ndipo nikaiangalia vizuri juani. Vitundu vyake vidogo vilishuka kwa safu, mbilimbili, mara tano, kutoka juu hadi chini. Kitu hiki nilikichora ubaoni miaka mingi bila kukiona, maana Bukavu tuna ziwa, na wanyama hawa hawaishi penye maji yasiyo na chumvi. Ilikuwa oursin, yule mnyama wa baharini mwenye miiba. Miiba ilikwisha kuanguka. Nikabandua nta ya mshumaa ambayo mama alizibia tundu la chini, vikadondoka kiganjani vipande vya taya na meno yake. Ndivyo vilivyokuwa vikilia.

Nilifurahi kama mjinga. Njia nzima ya kurudi sikumfikiria mama hata kidogo. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyoeleza.

Nikaeleza, tena mbele ya karakana nzima. Nilichukua chaki ya kukatia nguo nikachora mezani: hapa ndipo hutoka vijiguu laini vinavyoendeshwa kwa maji, hapa mdomo, upo chini, na gamba hili lote hukaa chini ya ngozi. Cherehani zikanyamaza.

"Haiko mbegu, mama. Iko nyama ya bahari. Haya njo meno yake."

"Haiwezi kuota?"

"Haiwezi."

Alikusanya gamba na vipande, akavifunga tena kwenye kitenge, akaenda zake. Naona aibu hadi sasa. Ningeweza kusema tu kwamba wauza mbegu hawaijui, na huo ungekuwa ukweli mtupu. Angepanda, angemwagilia, na mvua zingempa la kungojea. Lakini nani angenyamazisha mdomo wangu? Nilitaka kupigiwa makofi.

Jumapili baada ya ibada alikuja kunibishia hodi.

"Ulisema ile gamba inakuwa chini ya ngozi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi iko mufupa. Mufupa banazika. Mwanangu sikumuzika. Kuya."

Nikamfuata nyuma ya nyumba. Tuta lilikuwa na shimo tayari. Aliliweka gamba ndani na kitenge chake, akasimama wima kama msibani, pale mtu anapoinuka kutaja ukoo wa marehemu.

"We njo unajua bandugu yake. Sema."

Ningependa anitukane badala ya hayo. Nikavua kofia, nikasema. Kwamba ni wa ukoo wa wenye ngozi ya miiba. Kwamba ndugu yake wa karibu ni jongoo bahari, ingawa hawafanani hata kidogo. Kwamba wengine ni nyota ya bahari, na nyota zile za mikono myembamba inayokatika upesi, na wale wenye umbo la ua walioshika mwamba. Kwamba wote wamejengwa kwa tano. Kwamba kwa asili wako karibu na sisi wenye uti wa mgongo kuliko walivyo karibu na konokono au kaa. Kila mara aliitikia, "Ndiyo."

Tukarudishia udongo kwa mikono.

"Aksanti, mwalimu. Sasa sema ya mwanangu."

Akanitazama, akingoja. Jina la kijana sikuwahi kuliuliza.