Nilishuku boti ya Mwalimu mstaafu ni ya wizi, nikaamua tuikwangue rangi kavu kavu

Wakuu, habari za muda huu.

Hii siyo chai, ni kisa cha kweli. Mhusika ni mimi mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha humu humu.

Mimi ni fundi rangi wa magari hapa Chimala. Miaka ya nyuma nilipiga rangi gari moja, kumbe la wizi. Nililala selo siku nne na gereji ikafungwa. Tangu hapo simwamini mtu anayetaka kubadili rangi, na niliapa sirudi selo kwa ajili ya mali ya mtu.

Kwa hiyo kwangu kazi haianzi bila "kufungua dirisha". Unakwangua sehemu ndogo kama kiganja mpaka chuma, unasoma rangi zilizolala chini. Gari likiwa na rangi tatu na kadi inasema moja, nakurudishia funguo kwa adabu.

Sasa akaja mzee mmoja Mnyakyusa, mwalimu mstaafu, anavuta boti ya matanga kwenye trela kwa gari la kukodi. Kaitoa Matema, anaipeleka Mtera kwa mwanae. Akasema aliuziwa na mzungu aliyerudi kwao. Alitaka tuondoe rangi yote ya tumboni, ile sehemu inayokaa majini.

Nikaulizia nyaraka. Eti kazisahau Kyela, atazifuata.

Hapo machale yakanicheza.

Nikaizunguka ile boti. Juu nyeupe, rangi moja, haijaguswa. Chini ndiko kumepakwa na kupakwa tena. Wakuu, wengi wetu huku boti tunaziona kwenye TV. Nikajiuliza, nani anahangaika kupaka mahali ambapo hakuna anayepaona, kama hafichi kitu?

Mzee akasema, "Mwanangu, tumieni msasa wa maji, tena mvae barakoa za maana. Rangi hii ina sumu, inawekwa ili majani na konokono wa ziwani wasishike. Vumbi lake baya sana fijo."

"Sawa Mwalimu."

Moyoni nikasema huyu ananitisha. Maana ukikwangua kwa maji rangi zote zinakuwa uji, husomi kitu. Nikaona hilo ndilo analolitaka.

Gari la kukodi likaondoka, na mzee alipopanda basi tu kufuata nyaraka, nikafungua tairi moja la trela nikalifungia stoo. Asije akaniponyoka.

Kisha nikamwita Kamwene, msaidizi wangu, ambaye naye alimsikia mzee. Hilo ni jina la utani, ndiyo salamu ya kwao. Mtu wa Kalenga, tumefanya kazi pamoja miaka sita. Nikamwambia apige mashine kavu.

"Kaka, si mzee amesema maji?"

"Wewe fundi wangu au fundi wake?"

Akafunga kitambaa puani akaanza. Vumbi jekundu likajaa uwanja mzima. Mimi nimesimama upande upepo unakotokea, simu mkononi, napiga picha kila rangi inayojitokeza. Nyekundu. Bluu. Nyeusi. Nyekundu tena. Nisiwadanganye, nilifurahi. Nilijiona nimemkamata mtu.

Jioni Kamwene alikuwa na macho mekundu na anakohoa. Nikamnunulia maziwa, dawa yetu mafundi kwa kila kitu. Kesho yake akaendelea na kazi. Siku ya tatu hakuja.

Siku hiyo hiyo mzee akarudi na bahasha. Akaona vumbi lilivyotanda chini. Bahasha hata hakuifungua.

"Mmekwangua kavu?"

Nikaitia simu yenye picha mfukoni.

"Yule mwenzako yuko wapi?"

Tulimkuta chumbani kwake, kakaa kitandani kashika ukuta, pumzi haitoshi. Niliogopa sana. Mzee ndiye aliyetafuta gari la kwenda hospitali. Njiani akanieleza kwamba kila mara boti ile ilipopandishwa nchi kavu, yule mzungu alikuwa anaipaka upya chini, rangi yoyote iliyopatikana. Huo ndio ulikuwa ushahidi wangu wote.

Daktari akauliza, "Hamkuambiwa kuhusu hiyo rangi?"

Nikajibu hatukuambiwa.

Mzee alikuwa kasimama pale pale. Akaniangalia tu. Kamwene naye alisikia, akageukia ukutani.

Alipona, lakini kifua chake hakitaki tena harufu ya rangi. Karudi Kalenga analima nyanya. Nyaraka za boti zilikuwa safi. Nilizisoma baada ya kurudisha lile tairi la trela.

Funzo nililopata ni kwamba nilimshuku mtu, sikuishuku rangi. Na yule mtu ndiye pekee aliyekuwa ananiambia ukweli. Dirisha bado nafungua, wakuu, ila siku hizi nafungua kwa maji, nafuta uji polepole mpaka rangi zisomeke.

Mafundi mliomo humu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Matusi pia napokea.

Kamwene, najua unapitaga humu. Tuliambiwa. Nilidanganya mbele yako ukiwa huna hata pumzi ya kunibishia.